Mishipa ya ubongo inapokaza baada ya ajali: tiba ya kuazima na mipaka yake

Tumchukulie kijana wa bodaboda aliyeanguka jioni kwenye barabara ya Dodoma kwenda Singida, upande wa Bahi, akiwa hana kofia ngumu. Analetwa mjini hajitambui. CT-scan inaonyesha michubuko midogo ya ubongo na damu nyembamba iliyotandaa juu yake, lakini hakuna donge kubwa la kumpeleka chumba cha upasuaji. Siku ya pili anafumbua macho; siku ya tatu anamtambua mama yake na kuomba uji. Asubuhi ya siku ya tano mkono wa kulia umelegea, maneno hayatoki, na mjomba wake anamfuata daktari koridoni: “Dokta, jana huyu tumezungumza naye. Usiku mmempa dawa gani?”

Daktari mwenye uzoefu hatamjibu mjomba huyo kwa neno moja, kwa sababu mambo yanayoweza kumrudisha nyuma majeruhi wa kichwa siku ya tano ni mengi. Mchubuko unaweza kuwa umevuja damu zaidi, ubongo unaweza kuwa umevimba, kifafa kinaweza kuwa kinaendelea ndani kwa ndani bila mwili kutikisika, chumvi ya damu inaweza kuwa imeshuka, au nimonia imeanza. Katika orodha hiyo limo jambo moja ambalo CT-scan ya kawaida hailionyeshi, na ambalo hata wahudumu wa afya wengi hulisikia kwa mbali tu: ateri zinazopeleka damu kwenye ubongo zimejikaza zenyewe, zikawa nyembamba kiasi cha kuunyima ubongo mgao wake. Huo ndio mkazo wa mishipa. Nitauangalia hasa kwa upande wa tiba, kwa sababu upande huo umejaa mambo yaliyochukuliwa kutoka kwa ugonjwa mwingine kabla ya kuhakikishwa kama yanafaa.

Ugonjwa huo mwingine ni kupasuka kwa kivimbe cha ateri ya ubongo, kile ambacho madaktari hukiita anyurizimu. Mtu hushikwa ghafla na maumivu ya kichwa asiyowahi kuyapata maishani, damu inamwagika katika nafasi iliyo kati ya tando zinazoufunika ubongo, na siku chache baadaye mishipa inakaza. Mkazo wa namna hiyo ulielezwa mwaka 1951 kutokana na picha za mishipa za wagonjwa wa anyurizimu, na tangu hapo karibu kila dawa na kila namba inayotumiwa leo kwa majeruhi wa ajali imezaliwa huko. Kichwa kilichogonga lami, hata hivyo, kina matatizo yake ambayo mgonjwa wa anyurizimu mara nyingi hana, na ndiyo yanayoifanya tiba hiyo ya kuazima iwe na mipaka.

Damu iliyo nje ya mshipa

Ubongo una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, wala hauna ghala la kuwekea akiba. Katika hali ya kawaida kila gramu 100 za ubongo hupata kama mililita 50 za damu kwa dakika. Kiasi hicho kikishuka chini ya mililita 20, seli zinanyamaza: mkono unalegea, ulimi unakuwa mzito. Kikishuka hadi kama mililita 10, seli zinaanza kufa. Kati ya namba hizo mbili kuna seli zilizonyamaza lakini bado hai, na hizo ndizo ambazo tiba yote ya mkazo wa mishipa inakimbilia kuziokoa.

Damu ikiwa ndani ya ateri ni chakula. Ikiizunguka kwa nje kwa siku kadhaa ni sumu. Chembe nyekundu zinapovunjika huachia himoglobini, nayo inafanya madhara mawili kwa pamoja. Kwanza inanyakua nitriki oksidi, gesi ambayo ukuta wa mshipa huitengeneza ili kujilegeza. Pili inachochea kutengenezwa kwa endothelini, kemikali yenye nguvu kubwa ya kukaza mishipa. Milango ya kalsiamu katika misuli laini ya ukuta wa ateri inafunguka, kalsiamu inaingia, na misuli inajibana. Hali hiyo ikiendelea kwa siku nyingi, ukuta wenyewe unavimba na kunenepa, ndiyo maana dawa ya kulegeza misuli ambayo ingesaidia mapema inaweza kuonekana butu ikija kutolewa baadaye.

Kwa majeruhi wa ajali kuna nyongeza. Ubongo unapoyumba ndani ya fuvu ateri nazo huvutwa na kusokotwa, na mvuto huo peke yake unaweza kuzifanya zikaze hata pale damu iliyomwagika ni kidogo. Madaktari wa jeshi la Marekani walioripoti mwaka 2006 kuhusu majeruhi wa vita vya Iraki, wengi wao wakiwa wamepigwa na milipuko, waliukuta mkazo kwa karibu nusu ya waliofanyiwa picha ya mishipa. Ratiba nayo ni tofauti. Baada ya anyurizimu kupasuka, mkazo huanza siku ya tatu au ya nne, hufika kileleni kati ya siku ya 7 na ya 10, kisha hufifia kufikia wiki ya tatu. Baada ya ajali unaweza kuanza ndani ya siku mbili za kwanza, ukafika kileleni kati ya siku ya 5 na ya 7, na mara nyingi huisha mapema zaidi. Wodi inayofuata kalenda ya anyurizimu inaweza kuanza kumwangalia majeruhi kwa makini wakati saa zake mbaya zaidi zimekwisha kupita.

Bomba, matone na hesabu ya kumi na sita

Anayelima zabibu Hombolo au Mpunguzi kwa umwagiliaji wa matone anaijua tabia ya bomba lililobanwa bila kufundishwa fizikia. Kwa msukumo uleule wa maji, bomba ambalo kipenyo chake kimepungua kwa nusu halipitishi nusu ya maji: linapitisha sehemu moja ya kumi na sita. Kanuni hii inasema kwamba mtiririko hufuata nusu kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe mara nne, na ndiyo inayoufanya mkazo mdogo wa ateri kuonekana wa kutisha kwenye karatasi.

Lakini mkulima huyohuyo anajua pia kwamba bomba kuu likibanwa kidogo mahali pamoja, mizabibu haikauki siku hiyo. Hesabu ya kumi na sita inahusu bomba lililosinyaa urefu wake wote; katika shamba, kinachoamua zaidi ni vitundu vya kutonesha, na vitundu vikipanuliwa, shina linapata maji yake ingawa bomba kuu limebanwa. Ubongo una vitundu vya namna hiyo. Ni ateri ndogo kabisa, zisizoonekana vizuri kwenye picha, ambazo hujipanua zenyewe mgao unapopungua. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuwa na picha mbaya ya ateri kubwa na bado akaongea vizuri, na mwingine mwenye picha ya wastani akapata kiharusi, kwa sababu ajali imeharibu uwezo wa ateri zake ndogo kujirekebisha. Uwezo huo ukishaharibika, ubongo unabaki kutegemea msukumo wa damu moja kwa moja: presha ikishuka, mgao unashuka nayo.

Hapa ndipo makosa mengi ya tiba yanapoanzia. Picha ya mshipa uliosinyaa humvuta daktari kuutibu mshipa, ilhali kinachopaswa kutibiwa ni sehemu ya ubongo inayokosa damu.

Kuusikiliza mshipa

Kipimo cha thamani zaidi kwa mazingira yetu ni kile cha Dopla ya fuvu, kinachopima kasi ya damu kwa mawimbi ya sauti, ambacho Rune Aaslid na wenzake walikitambulisha mwaka 1982. Hakihitaji sindano wala mionzi, na mashine yake inaweza kusukumwa hadi kando ya kitanda. Mpimaji hupaka jeli kidogo mbele ya sikio, juu ya mfupa wa shavu, mahali ambapo fuvu ni jembamba. Kisha hutega kifaa na kukigeuza taratibu sana, akitafuta kwa sikio kabla ya kutafuta kwa jicho. Kwenye kina cha milimita 50 hivi sauti inaibuka, fshu, fshu, fshu, ikienda na mapigo ya moyo. Hiyo ni ateri ya kati ya ubongo. Mshipa ukisinyaa damu hupita kwa kasi zaidi, kama maji ya mpira uliobanwa kwa kidole gumba, na sauti inapanda na kuwa kali. Kwa watu wengine, hasa kina mama wenye umri mkubwa, mfupa ni mnene na hakisikiki kitu, na hapo mpimaji hana la kufanya.

Kasi ya wastani kwa mtu mzima mwenye afya ni kama sentimita 55 hadi 60 kwa sekunde. Ikivuka 120 tunaanza kuushuku mkazo, ikivuka 200 tunauhesabu kuwa mkali. Namba hizi zimezoeleka, na kwa majeruhi wa ajali zina mtego. Kati ya siku ya kwanza na ya tatu baada ya ajali, ubongo wa baadhi ya majeruhi hupata damu nyingi kupita mahitaji yake, kwa sababu ateri ndogo zimelegea zote. Hapo pia kasi hupanda. Namba ni ileile, 150 kwa mfano, lakini mmoja ana upungufu na mwingine ana mafuriko, na tiba ya huyu itamuumiza yule: kumpandishia presha mwenye mafuriko ni kumwongezea uvimbe wa ubongo.

Njia ya kuwatenganisha ni kupima pia ateri ya shingoni inayoingia kichwani, kisha kugawa. Kama ateri ya kati ina kasi ya 150 na ya shingoni 60, jibu ni 2.5, na hayo ni mafuriko, maana mto wote umejaa tangu chini. Kama ya kati ina 150 na ya shingoni 35, jibu ni zaidi ya 4, na huo ni mkazo. Mpaka uliokubalika ni 3, na ukivuka 6 hali ni mbaya. Uwiano huu hubeba jina la Lindegaard. Nimeuandika kwa kirefu kwa sababu unahitaji dakika tano tu za ziada, na bila dakika hizo tano kipimo cha Dopla kwa majeruhi wa kichwa hakimwambii mtu jambo la kumtibu nalo.

Pale Dopla inapotia shaka, CT-scan ya mishipa, ambayo hufanywa kwa kuchoma dawa ya rangi kwenye mshipa wa mkono, huonyesha ateri kubwa vizuri. Anjiografia ya kateta, yaani picha inayopigwa kwa kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa, ni mzao wa picha za mishipa ya ubongo zilizobuniwa na Egas Moniz huko Lisbon mwaka 1927, na bado ndiyo yenye picha kamili kuliko zote, lakini haifanywi kwa udadisi: hufanywa pale ambapo mtu ameshaamua kwamba akiukuta mkazo atautibu papo hapo.

Hadithi ya nimodipini

Kama kalsiamu ndiyo inayokaza misuli ya mshipa, dawa ya kufunga milango ya kalsiamu ilitarajiwa kuwa jibu. Nimodipini ndiyo iliyochaguliwa, kwa kuwa inapenya ubongoni kuliko ndugu zake. Kwa wagonjwa wa anyurizimu ilifaulu: jaribio la Uingereza la mwaka 1989, lililohusisha wagonjwa 554, lilionyesha kwamba waliomeza miligramu 60 kila baada ya saa nne kwa siku 21 walipata viharusi kwa uchache wa karibu theluthi moja kuliko wenzao. Jambo ambalo lilimshangaza kila mtu, na ambalo kwa maoni yangu halijasisitizwa vya kutosha, ni kwamba walipopigwa picha, mishipa yao haikuonekana kupanuka kwa kiasi cha maana. Dawa iliyopewa sifa ya kufungua mishipa ilikuwa ikiulinda ubongo kwa njia nyingine.

Kwa majeruhi wa ajali yalifanyika majaribio manne mfululizo. La pili, lililochapishwa mwaka 1994 likiwa na wagonjwa 852, halikuonyesha faida kwa ujumla, ila waliokuwa na damu kati ya tando walionekana kunufaika kidogo. La tatu likachukua watu wa aina hiyo tu, 123, na mwaka 1996 likatangaza faida. Wengi waliishia hapo. La nne, kubwa kuliko hilo la tatu, halikuipata faida hiyo, nalo halikuchapishwa. Mwaka 2006 watafiti walipoyakusanya yote pamoja na lile lisilochapishwa, zaidi ya wagonjwa 1,000 wenye damu kati ya tando baada ya ajali, tofauti ilitoweka. Kwa hiyo daktari anayeandika nimodipini kwa kila majeruhi mwenye damu juu ya ubongo anafuata jaribio la watu 123 na kuliacha lile kubwa kabatini.

Hilo halimaanishi kwamba dawa hii ni marufuku kwa majeruhi ambaye mkazo wake umethibitishwa na anaanza kulegea upande mmoja. Wapo wataalamu wanaoitumia hapo kwa hoja za kimantiki. Lakini ina gharama, na gharama yenyewe ni presha. Nimodipini hulegeza mishipa ya mwili mzima, na presha inaposhuka kwa mtu ambaye ubongo wake umebaki kutegemea msukumo, dawa ya mkazo inageuka kuwa chanzo cha kiharusi. Ndiyo maana pale presha inapoyumba dozi hugawanywa, miligramu 30 kila baada ya saa mbili. Mgonjwa asiyeweza kumeza hupewa kwa mrija wa puani. Dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya kumezwa haipaswi kuchomwa mshipani kwa hali yoyote, kwa sababu kosa hilo limewahi kuua watu katika nchi zenye hospitali kubwa kuliko zetu.

Kupandisha presha kwenye fuvu lililojaa

Tiba ya pili iliyoazimwa ni kupandisha presha ili damu isukumwe kwa nguvu kupita penye wembamba. Kwa miaka mingi wagonjwa wa anyurizimu walipewa mambo matatu kwa pamoja: presha ya juu, maji mengi mshipani, na damu iliyofanywa nyepesi. Siku hizi yamebaki mawili, na moja limebadilika: presha hupandishwa, lakini maji hutolewa ya kutosha tu, kwa kuwa maji ya ziada yalijaza mapafu kuliko yalivyousaidia ubongo.

Kwa majeruhi wa ajali kuna kikwazo ambacho hakikwepeki. Fuvu ni chungu kisichopanuka, na ubongo uliochubuka unavimba ndani yake. Msukumo halisi unaoufikia ubongo ni presha ya wastani ya ateri ukitoa presha ya ndani ya fuvu. Chukua presha ya 120 kwa 60: wastani wake ni 80. Kama ndani ya fuvu kuna 25, ubongo unapata 55, na hiyo haitoshi. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2016 unataka 60 hadi 70, na unataka presha ya ndani ya fuvu itibiwe ikipita 22. Njia za kufikia lengo ni mbili, kupandisha namba ya kwanza kwa noradrenalini au kushusha ya pili, na mara nyingi ya pili ndiyo salama zaidi: kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30, shingo inyooke bila mto wa kuikunja, kola ya shingo isibane, maumivu na homa vitulizwe, na chumvi kali au manitoli itumike inapobidi. Kusukuma kwa nguvu kupita 70 kumeonekana kuongeza matatizo ya mapafu, na juu ya mchubuko unaovuja kunaweza kuongeza damu.

Mtu atauliza tufanyeje mahali ambapo hakuna kifaa cha kupima presha ndani ya fuvu. Jaribio lililofanywa Bolivia na Ecuador, likachapishwa mwaka 2012 na kuhusisha majeruhi 324, lilijibu sehemu ya swali hilo: waliotibiwa kwa kufuata CT-scan na uchunguzi wa mara kwa mara kando ya kitanda hawakuishia vibaya kuliko waliowekewa kifaa hicho. Sharti lake ni kwamba uchunguzi huo ufanyike kweli, kila saa, usiku na mchana.

Puto na dawa za kupitia kateta

Pale mgonjwa anapozidi kudidimia ingawa presha iko sawa, inabaki tiba ya ndani ya mshipa. Kateta huingizwa kinenani au kifundoni mwa mkono, inapandishwa hadi shingoni, na dawa kama verapamili, nikadipini au milrinoni inamiminwa polepole kwenye ateri iliyokaza. Mshipa hufunguka mbele ya macho ya daktari kwenye skrini, kisha baada ya saa kadhaa unaweza kujifunga tena. Papaverini, iliyotumika zamani, ilikuwa ya muda mfupi zaidi na ilipandisha presha ya ndani ya fuvu. Puto, ambalo Zubkov na wenzake wa Leningrad waliripoti mwaka 1984, hupanua ateri kubwa kwa muda mrefu zaidi, lakini haliwezi kufika kwenye matawi ya mbali, na likikosewa linapasua mshipa. Ushahidi wake kwa majeruhi wa ajali ni wa wagonjwa wachache wachache, hauna jaribio kubwa.

Kwa Tanzania, tiba za kateta za ubongo zimejengeka zaidi Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Kutoka Dodoma hadi huko ni kama kilomita 450 kwa barabara. Uamuzi wa kumsafirisha mtu mwenye mkazo unapaswa kupimwa kwa swali gumu: je, faida ya puto ni kubwa kuliko hatari ya presha kushuka mara moja ndani ya gari la wagonjwa kati ya Gairo na Morogoro? Kwa majeruhi wa kichwa, kushuka kwa presha chini ya 90 hata mara moja tu, katika takwimu zilizotolewa mwaka 1993, kulienda pamoja na vifo mara mbili zaidi. Binafsi naona kwamba wengi wa wagonjwa hawa hutibiwa vizuri zaidi hapahapa mjini, katika chumba cha wagonjwa mahututi chenye wauguzi wa kutosha, kuliko katika safari iliyoanza kwa pupa.

Yaliyojaribiwa yakaanguka yanaweza kusemwa kwa haraka. Magnesiamu na statini (dawa za kushusha kolesteroli), zote kwa wagonjwa wa anyurizimu, hazikuboresha hali yao mwishoni. Klazosentani, inayoizuia endothelini, ilipanua mishipa kwenye picha waziwazi, na bado katika majaribio yake makubwa ya kwanza wagonjwa hawakuishi vizuri zaidi kuliko wengine, jambo linalorudisha hoja ya bomba na vitundu. Dawa za steroidi kwa majeruhi wa kichwa hazifai kabisa: jaribio lililoitwa CRASH, lenye watu 10,008, lilionyesha mwaka 2004 kwamba zinaongeza vifo.

Chumvi, maji na saa za usiku

Kinachobaki hakina mvuto wa puto. Sodiamu ya damu ipimwe kila siku, kwa sababu ikishuka maji yanahamia kwenye seli za ubongo na kuzivimbisha. Na hapa kuna mtego mwingine ambao huwanasa hata wazoefu: kushuka kwa sodiamu kunaweza kutokana na mwili kuzuia maji mengi, au na figo kumwaga chumvi pamoja na maji. Tiba ya hali ya kwanza, kitabuni, ni kumpunguzia mgonjwa maji. Mwenye mkazo wa mishipa akipunguziwa maji anakauka, presha inashuka, na mgao wa ubongo unakatika. Kwake sodiamu hupandishwa kwa kumwongezea chumvi. Joto la Dodoma la Oktoba na Novemba linamkausha hata mtu mzima wa afya, sembuse mwenye homa aliyelazwa. Dripu iwe ya chumvi ya asilimia 0.9. Ile ya glukosi ya asilimia 5, ambayo ndugu huiona ina “nguvu”, ikishaingia mwilini inabaki maji matupu, na maji hayo huishia kwenye uvimbe wa ubongo. Aliye kwenye mashine ya kupumulia, au anayebanwa mfuko wa hewa kwa mkono, asipumuliwe haraka haraka: kabonidioksidi ikishuka, ateri za ubongo hujikaza, na mhudumu anakuwa ameuongeza kwa mkono wake mkazo anaoutibu.

Hayo yote hutegemea mtu kugundua mapema kwamba mgonjwa amebadilika. Kipimo kinachotumika ni cha Glasgow, cha tangu mwaka 1974, chenye alama 3 hadi 15 kwa kuangalia macho, maneno na mikono. Kushuka kwa alama mbili bila sababu nyingine ni kengele. Lakini alama za maneno zina ugumu ambao wenzetu wa Glasgow hawakuukuta. Kijana wetu wa Bahi, akiwa nusu usingizini, atazungumza Kigogo, na muuguzi wa zamu anaweza kuwa ametoka Bukoba au Tanga. Akimsikia ananong'ona asichokielewa, ataandika kwamba mgonjwa anachanganyikiwa, au kinyume chake ataandika kwamba anaongea vizuri, maana maneno yanatoka. Mwenye kujua ni mama aliyelala kwenye mkeka nje ya wodi. Muuguzi anayeijua kazi yake humwita saa kumi alfajiri, humwomba amuulize mwanawe jina la kijiji na jina la babu yake, kisha humtazama mama usoni. “Mama, amesemaje?” Mama akijibu, “Hayo si maneno, mwanangu,” muuguzi huandika saa na alama kwenye chati, hupima presha, na kumwamsha daktari.